Jina Walilompa Mwenyekiti Wetu

Kijiji cha Ujamaa,
Kimwani.
12 Machi 1970

Kwa baba yangu, Tata mpendwa, Mzee Mwijage,

Shikamoo waitu. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kaagya, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Je, kahawa imechanua vizuri? Mimi sijambo. Darasa langu lina watoto hamsini na wawili, na mvua imetukuta tumeshapanda maharage.

Uliniuliza mwenyekiti wetu ni mtu wa namna gani, maana namtaja katika kila barua. Anaitwa Nathanieli Rutashobya. Tulipofika hapa palikuwa nyasi tupu, naye alilala chini ya turubai mpaka kila familia ilipopata paa. Shambani hutangulia yeye. Mtu mmoja alimpelekea mbuzi ili apewe kiwanja karibu na kisima. Alimrudisha mbuzi yule mwenyewe, akimvuta kwa kamba mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama.

Mwaka jana alikuja ofisa mmoja msomi kutoka Bukoba. Alipokwisha kutembezwa, alimwambia mwenzake kwa Kiingereza, huku akicheka, kwamba Kimwani wamempata Robespierre wao. Rutashobya hajui Kiingereza, akaniuliza maana yake. Nikamweleza kuwa hilo ni jina la ukoo la mwanasiasa wa zamani wa Ufaransa, mwanasheria aliyewatetea maskini na ambaye hakuna aliyeweza kumhonga. Na kwamba wasemao Kiingereza humwita hivyo kiongozi anayefanana naye. Alifurahi sana. Haukupita mwezi, hata vikongwe wakawa wanamwita Lobesipiyeri.

Lakini Tata, nilimweleza nusu tu. Shuleni tulifundishwa kwamba mtu yule, katika kuwasaka maadui wa mapinduzi, aliwapeleka wengi kuuawa, hata rafiki zake, mpaka naye akakatwa kichwa. Anayeitwa jina hilo anasifiwa uadilifu, na papo hapo anaambiwa kwamba hana huruma.

Nalo jina likamkaa. Akaanza kuwaandika wavivu katika daftari. Mwezi uliopita alimwandika Anatolia, mjane aliyekosa kazi ya pamoja wiki tatu, akatangaza kuwa mkutano utamfukuza kijijini na migomba yake itang'olewa. Sote tulijua kwamba Anatolia alikuwa akiuguza mtoto. Hakuna aliyethubutu kusema.

Asubuhi ya mkutano nikamwendea, nikamweleza maana yote, na habari za yule mtoto. Aliliweka jembe chini, akauliza mbona sikumwambia tangu mwanzo. Nikajibu kwamba niliogopa.

Mkutanoni nilidhani atanifokea mbele ya watu. Badala yake aliwaeleza wote maana ya jina lile, hata habari ya kichwa kukatwa. Halafu akamgeukia mjane yule: "Mama Anatolia, nimekukosea. Nilikuandika bila kufika kwako." Akasema kama watu wanataka mwenyekiti mwingine, wamchague sasa hivi. Anatolia ndiye aliyejibu wa kwanza. Alisema abaki, ila aje kwanza ampalilie kibanja chake, kwa kuwa magugu yamemshinda. Watu wakacheka. Rutashobya alikwenda, akapalilia siku mbili.

Sasa nikuambie lililonifanya nikae na kalamu. Sikumwogopa, Tata. Siku ile aliponiuliza maana ya jina alikuwa akitabasamu, nami sikutaka tabasamu lile limtoke. Ameniomba niwe mke wake, nami nimekubali. Ni Mlutheri. Najua hujakanyaga kwa shangazi tangu alipoolewa upande huo, na sikuombi unijibu kwa barua. Atafika kwako Jumapili inayofuata Pasaka, pamoja na baba yake mdogo. Ukimkataa, waitu, mkatae ukiwa umemwona.

Nisalimie Mama na wote wa nyumbani. Mungu awatunze.

Mimi bintiyo akupendaye,
Immakulata