Mkanda wa Feni wa Kombi

Kauthar mwanangu,

Ukitoka zamu, uji uko kwenye chupa. Kuku wape maji. Spana zangu usimwazime mtu. ~~Tutarudi leo jioni.~~ Tutarudi kesho, Kirando ni mbali.

Asubuhi hii Kombi imekata mkanda wa feni hapa getini. Mama yako akashuka na kikapu chake: "Mdogo wangu kajifungua, mimi napanda basi. Baki na mkweche wako!" Ndipo nikakumbuka mkanda wa akiba ulioniwekea kwenye sanduku la vifaa, siku ile nilipokucheka kwamba umehamishia duka zima la vipuri nyumbani. Nimeufunga mwenyewe. Mama yako sasa amekaa mbele, anapiga honi nimalize kuandika.

Ahsante sana, mwanangu. Bisibisi yako kubwa nimeipinda, usinune.

Baba yako, fundi