Niko Kwenye Boti Yako na Kaunsela

Mwanangu Karisa,

Usicheke. Ni mimi mama yako, niko ndani ya boti yako, leo ni siku ya sita, na sijafa.

Naandika kwenye daftari lako, lile ulilokuwa ukiandika siku za kubadilisha oili na kusugua boti chini. Nimeruka kurasa mbili baada ya mwandiko wako, sikutaka maneno yangu yagusane na yako. Una mwandiko mzuri. Nilikuwa nawaambia watu, hawaamini. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kalamu ya kwanza uliishika ukiwa mapajani mwangu, na mwalimu wa chekechea alipokuona alibaki mdomo wazi.

Kwanza nikupe habari za mazishi, najua ungependa kujua. Yalijaa. Jilore yetu haijaona mazishi kama yale. Magari yalipangwa mpaka kule shuleni, na mchungaji alipotaka kumaliza mapema nilimkazia macho akaongeza. Mabaharia wenzako walikuja na mashati yao meupe. Mama Kadzo wa ng'ambo ya shamba, yule anayejisifu kwa mwanawe karani, alikaa kimya siku nzima. Nilimpelekea chai mwenyewe, nikamwambia, "Kunywa, mama, hawa wote ni watu wa Karisa." Walipoondoka, nikabaki nakunja viti na... Haya, hilo tuliache.

Nikueleze nimefikaje huku. Wewe unajua mimi na maji. Miaka yote uliyokuwa baharini nilikuwa nikisikia upepo tu shambani, nashika kifua. Nilikuombea usife maji. Nikafunga, nikakesha kanisani, nikaomba habari ya maji peke yake. Kumbe ulikuwa nyuma ya pikipiki, Kilifi, umetoka kununua mkate, lori likakukuta barabarani. Sikuwahi kuomba habari ya barabara, Karisa. Hata siku moja.

Ukaacha boti na ukaacha mbwa. Boti ilikuwa pale Kilifi ndani ya hori, ule mkono wa bahari, na Kaunsela juu yake, hataki kushuka. Walinzi walimtupia mabaki ya ugali wakidhani atawafuata ufukoni. Wapi! Alikula, akabweka, akarudi kulala juu ya koti lako la mvua. Ulimpa jina sawasawa. Maneno mengi, kazi hakuna.

Ikaamuliwa boti ipelekwe Malindi kwa dada yako Sidi, apakie wageni wa kwenda kuona samaki kwenye matumbawe, kama mlivyokuwa mkipanga nyinyi wawili. Sidi sasa ni fundi kamili wa injini, nikuambie. Kule karakana wanaume wazima wanamwita "fundi" na wanasubiri zamu. Alitaka kuja kuichukua boti yeye mwenyewe na rafiki yako Nahodha Athmani. Mimi nikamdanganya. Nikamwambia, "Wewe baki Malindi utafute mahali pazuri pa kuiweka, Nahodha anaye mtu wa kumsaidia." Sikumwambia mtu huyo ni mimi. Nilijisemea, kama bahari ina njaa, nimebakiwa na mtoto mmoja tu. Na inile mimi, mzee, nyama ngumu.

Tulitoka Kilifi Jumanne asubuhi, bahari imelala kama uji uliopoa. Kufika usawa wa Roka, upepo wa kusi ukaamka. Karisa, sijui hata nikuelezeje. Boti ilikuwa inapanda mpaka naona mawingu tu, halafu inashuka naona maji yamesimama kama ukuta. Nilimshika Nahodha shati kwa nyuma nikalichana mpaka kiunoni. Akawa anapiga kelele, "Mama Karisa, niachie, siwezi kuzungusha usukani!" Mimi nazidi kukaza. Kaunsela ametulia, ulimi nje, kama yuko harusini. Ndipo Nahodha akaingiza boti huku Mida, ndani ya mikoko, akatia nanga, akaketi na shati lake vipande viwili, akasema hapa tutangoja mpaka hewa itulie.

Basi tumengoja. Hapa ndani maji ni shwari, ila mwendo wake ni mkali yakijaa na yakipwa. Nje kule nasikia mngurumo usiokatika. Nahodha anasema ni mawimbi yanavunjika kwenye mwamba. Mimi nasikia lori.

Mchekeshaji ni huyo Nahodha. Unamjua na dini yake, na unamjua mbwa wako alivyo mlambaji. Siku ya kwanza Kaunsela alimlamba kisigino. Kumbe Nahodha alijiandaa tangu Kilifi: alitoa kopo la maziwa ya watoto limejaa udongo safi, akaosha kisigino mara saba, moja kwa udongo, huku akimwambia mbwa, "Wewe na mimi tumegawana chombo. Mbele kwako, nyuma kwangu. Ukivuka mpaka nakushtaki kwa Mama Karisa." Na mbwa akaelewa! Tangu hapo analala mbele kabisa. Mimi nalala katikati, ndani, kwenye kitanda chako, miguu inagonga ukuta. Sikujua ulikuwa unalala umejikunja hivi. Ungesema. Ningekushonea mto mdogo.

Chapati zangu zinatoka vizuri hata kwenye jiko lako hili la moto mmoja. Nahodha alikula sita, akasema hajaonja kama hizo tangu azaliwe. Nikamwambia najua.

Lakini sili mimi. Chakula hakipiti. Boti ikisogea kidogo nashtuka, nainuka, naangalia kama ile mikoko iko palepale. Nimeihesabu mizizi. Namshika Kaunsela shingo, namuuliza, "Tumeenda? Tumeenda?" Ananilamba.

Sasa nikuambie jambo la aibu, na usimwambie mtu huko uliko.

Ijumaa Nahodha alichukua mtumbwi akaenda msikitini Uyombo. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa, matope yameonekana. Nikabaki mimi na mbwa. Boti ikawa inazunguka kwenye kamba ya nanga, mara inaangalia huku, mara kule, na kila ikizunguka inasogelea mikoko. Roho yangu ikakataa. Nikasema, mimi nimefunga mbuzi miaka arobaini. Mbuzi anayezungukazunguka kamba yake ni ndefu mno, mfupishie, atatulia. Nikaenda mbele, nikavuta ile kamba mpaka ikasimama wima, nikaikaza kwenye kile chuma. Nikajisifu. Nikasema Karisa angeniona!

Boti ikatulia kweli. Nikakaa kuchagua mchele.

Kumbe maji hurudi, mwanangu. Shambani chini hakupandi juu. Maji yakaanza kujaa, boti ikainuka nayo, na ile kamba fupi ikainua nanga kutoka kwenye mchanga kama mtu anavyong'oa muhogo. Sikusikia kitu. Kaunsela ndiye aliyeanza kubweka, nami nikamwambia anyamaze, tena nikamtupia ungo. Nilipoinua macho mikoko ilikuwa inatembea. Nasema inatembea, Karisa! Na maji yanatupeleka ndani, kwenye fungu la mchanga na vile visiki vyeusi vilivyochongoka.

Nilipiga kelele nikikuita wewe. Sikumwita Mungu, atanisamehe. "Karisa! Karisa, mashua inaondoka!" Kwa kelele ile ungekuwa Malindi ungesikia. Hukuja. Ndipo nilipojua. Mazishini sikujua, hata niliposhika udongo sikujua. Nilijua pale, nimesimama peke yangu na mbwa, nakuita na huji.

Nikaenda mbele, nikafungua fundo nivute nanga juu, sijui nilikuwa nataka kufanya nini nayo. Kamba ikanishinda nguvu. Ikanitoka mikononi yote, ikanichoma viganja, ikaenda, ikaenda, mpaka ikafika mwisho wake pale ilipofungwa. Nikasema basi. Nikaketi nimemkumbatia Kaunsela, nimefunika macho yangu na macho yake.

Boti ikashtuka, ikasimama. Nanga ilikuwa imeshika, maana sasa ilikuwa na urefu wa kulala chini. Hivyo ndivyo Nahodha alivyonieleza baadaye. Nyuma yetu visiki vilikuwa vimebaki hatua kama kumi.

Alipopanda alitazama mahali boti ilipo, akatazama kamba, akauliza, "Nani kafungua hii?" Nikasema mbwa.

"Mama Karisa," akasema polepole, "Kaunsela ana vidole?"

Nikalia hapo. Naye, masikini, akashindwa afanye nini, akaja akanimwagia maji kwenye viganja, na mbwa akapita mpaka wake akamlamba mkono mzima, naye hakumfukuza. Baadaye alikwenda kuchota udongo.

Ila alifanya jambo moja bila kuniuliza. Alimpigia simu Sidi.

Jumamosi asubuhi nikaona mtumbwi unakuja, na ndani yake amekaa dada yako, mkoba wa spana mapajani, na kichwani ana helmeti. Helmeti, Karisa. Nikamuuliza kabla hajapanda, "Umekuja na nini?"

"Pikipiki, mama."

"Pikipiki! Kutoka Malindi! Barabara ileile yenye malori!"

Akanitazama. Unamjua akitazama. Akasema, "Ulitaka nije na nini, mama? Boti unayo wewe."

Nimemficha bahari, nikamsukuma mwenyewe kwenye lami. Nilikaa ndani kwenye kitanda chako nafikiria yale malori yote aliyopishana nayo wakati mimi nachagua mchele. Ningeweza kupata simu nyingine, mwanangu. Simu kama ile ya kwanza, ya Kilifi.

Yeye hakunibembeleza. Alifungua injini yako, akaingia humo kichwa na mabega, akatoa maji kwenye chujio la dizeli, akafunga, akawasha mara moja tu ikaitikia. Nahodha alikuwa amemshikia tochi kama mwanafunzi, akaniambia, "Huyu, mama, hana wa kufundishwa naye hapa, nami nikiwemo." Nikamwambia, na hilo pia najua. Kaunsela alimfuata kila alipokwenda. Alipoketi kupangusa mikono, mbwa akaweka kidevu juu ya mguu wake, kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Nikageuka nikaangalia mikoko.

Leo Jumapili upepo umepungua. Nahodha ametoka na mtumbwi mpaka mlangoni, pale maji haya yanapotokea baharini, kuangalia, amerudi amesema kesho asubuhi maji yakijaa panapitika, na hadi Malindi ni mwendo wa saa kama mbili. Sidi ndiye atakayeshika usukani, Nahodha amsimamie tu. Halafu Sidi akaniambia lile nililokuwa naliogopa tangu atie mguu humu.

"Mama, wewe utashuka. Uende kwa gari, utupokee kule."

Nikasema nitakaa ndani nisitoke. Akasema hapana. Nikasema nitashika mbwa. Akasema mbwa anajishika. Nikamtafuta Nahodha anitetee, akawa anatazama shati lake alilolishona kwa uzi wa nyavu. Sidi akanishika viganja vyangu hivi vilivyochubuka, akasema, "Mama, ukiwa humu nitakuwa nakutazama wewe, sitatazama maji."

Nimekubali. Nimemwambia sawa kwa sauti ya kawaida kabisa, ungenisifu, halafu nikaja huku kwenye kitanda chako kukuandikia, kwa sababu mkono lazima ushike kitu.

Naogopa, Karisa. Sikufichi. Naogopa ule mlango wa maji, naogopa Nahodha akisahau jambo, naogopa injini ikizimika, naogopa hata lile gari litakalonibeba mimi. Nilidhani nikikaa humu ndani nitakuwa nimesimama kati ya Sidi na kifo. Nimekaa siku sita na nilichofanya ni kuchana shati na kung'oa nanga. Yeye anajua boti. Ulimfundisha wewe. Mimi sijui kitu chochote cha huku, ila chapati.

Basi nakuaga, mwanangu wa kwanza, fahari ya tumbo langu. Pumzika pale chini ya minazi ya babu yako, udongo nimeusawazisha kwa mikono yangu na kila jioni nafukuza kuku. Nakuahidi hivi, na Mulungu ananisikia: kesho nitashuka. Sitampigia simu akiwa kwenye usukani, hata mara moja, hata akichelewa. Nitasimama ufukoni Malindi, mikono nimeifungia ndani ya leso isije ikaitafuta simu yenyewe. Na akifika, sitamwambia, "Basi, imetosha, usirudi tena majini." Maneno hayo yatakuja mpaka kwenye meno, nayajua. Nitayameza.

Nitamuuliza tu kama amekula.

Mama yako,
akupendaye