Mstari Mmoja Ambao Mutisya Hakuuandika

Jumanne alasiri, Mwingi. Vumbi na joto, lakini kifua changu leo ni chepesi.

Kwa siku tatu mizani yetu ya mbuzi ilikuwa bubu. Mume wangu Mutisya, aliyefariki mwaka jana, aliandika mwenyewe maktaba ya kompyuta, yaani kifurushi cha amri, inayosoma uzito na kuutamka kwa sauti yake, ili mwenye mbuzi asiyejua kusoma asidanganywe. Jumamosi niliweka mfumo mpya kwenye kompyuta. Ukaikataa maktaba hiyo.

Shemeji Kyalo, fundi wa kompyuta kule Wote, alinieleza kwa simu. Kila programu ina sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu vya muda. Maktaba ya Mutisya ilikuwa ikiomba ruhusa ya kuendesha amri kutoka hapo. Mwizi akipenyeza amri zake humo, kompyuta itazitii. Mfumo mpya haukubali tena hatari hiyo.

"Tutafute programu nyingine tu, shemeji," alisema.

Programu nyingine ingekuja na sauti ya mtu nisiyemjua.

Nakiri, nilitaka kurudisha mfumo wa zamani, pamoja na hatari yake. Nilijiambia Mutisya hangeomba ruhusa bila sababu.

Leo Kyalo amemaliza kusoma yote aliyoandika ndugu yake.

Hakuna sababu.

Kuna kipande kidogo cha asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ile ya mashine yenyewe, na Mutisya alisahau mstari mmoja wa kusema kwamba ruhusa hiyo haihitajiki. Usipouandika, kompyuta hudhani unaihitaji. Ni yeye kabisa. Alikuwa akikoroga chai na kuacha kijiko kilicholowa ndani ya kopo la sukari.

Nimeongeza mstari huo kwa mkono wangu, Kyalo akinisomea herufi moja moja kwa simu. Tukaijenga maktaba upya. Nikapanda mwenyewe kwenye mizani.

"Kilo sabini na nane."

Ile nane ndefu ya Mutisya, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi. "Huyu mnono, Mama Mutheu! Nampeleka Garissa leo leo!"

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Mwaka mzima nimeacha kila kitu kama alivyokiacha, nikiamini kila kitu kina sababu yake. Koti lake bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Huenda alilitundika tu.

Kesho soko likiisha, nitalishusha nilifue. Nafikiri nitaweza.