Udi Wako Ulivyotutoa Nje Amsterdam

Mama,

Assalamu alaykum. Nasra amelala alasiri hii baada ya kupigana na usingizi, na mimi nimejifungia jikoni nikuandikie. Nianze na habari za nyumbani, maana najua ndizo ungeuliza kwanza.

Baba hajambo. Yuko Ghubra bado, hataki kuhamia kwetu Al Amerat, anasema huku milimani joto lake ni la tanuri. Amejifunza kukaanga mayai. Kila Ijumaa anatukaangia, anatusimamia mpaka tumalize, kisha anauliza, "Ya mama yenu na haya, yepi matamu zaidi?" Tunamwambia haya. Utusamehe.

Nasra hatembei, anakimbia. Nimemwachisha ziwa. Nikiwa kazini kliniki, anakaa na mavyaa, mama yake Salim, pale ulipokuwa ukikaa naye wewe. Anamlea vizuri, ila anampa chai ya maziwa, nimeshasema mpaka nimechoka.

Sasa habari yenyewe. Mimi na Salim tumekwenda Ulaya. Usishtuke. Salim alipata tiketi rahisi za msimu wa baridi, wakati watu wenye akili hawaendi, tukenda siku chache Amsterdam, ule mji wa Uholanzi uliojaa mifereji.

Mimi sikutaka kwenda. Si kwa sababu ya mtoto tu. Tangu ulipofariki, mimi na mume wangu tulikuwa hatuna mazungumzo. Hatukugombana, Mama, ingekuwa afadhali. Anatoka alfajiri kuwahi foleni ya barabara ya mlimani, anarudi jioni, tunaulizana: nepi zimebaki? gesi imekwisha? nani anampeleka mtoto sindano? Basi. Na jina lako hakulitaja tangu khitma. Nikajisemea, huyu kamsahau mama yangu. Nikaanza kumwona kama mpangaji mwenzangu. Nikaogopa tukikaa chumba kimoja, bila ya mtoto wa kutupa la kusema, nitagundua kwamba baina yetu hakijabaki kitu.

Mavyaa ndiye aliyetusukuma. "Nendeni. Mtoto nnaye mie. Mmekuwa kama askari wa zamu, mmoja akiingia mwengine anatoka."

Mji ule, Mama, ni msongamano mtupu. Unakumbuka Matrah siku meli ya watalii ikifunga bandarini, tunavyowanung'unikia wanaosimama katikati ya njia ya sokoni kupiga picha mlango? Basi kule mimi ndiye niliyesimama. Katikati ya njia ya baiskeli, napiga picha nyumba iliyoinamia maji. Bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga akanipigia kengele, akanitolea maneno yasiyohitaji mkalimani. Salim akanivuta mkono. "Leo na wewe umekuwa mtalii," akasema.

Mashua za vioo zinazozungusha watu hatukupanda, ni ghali. Tulipanda kivuko cha bure nyuma ya stesheni, tukenda ng'ambo na kurudi, tena na tena, mpaka mfanyakazi wa kivuko akawa anatuitikia kwa kichwa. Tulikula tende na vileja nilivyobeba, na chipsi za moto za kwenye karatasi, tunagawana. Chumba kilikuwa chini ya paa, Salim kila akiamka anajigonga kichwa. Lakini bado tulikuwa tunazungumza njia na bei tu.

Jioni moja tukajitayarisha kutoka. Nikaoga, nikatandaza buibui langu, shela na shati lake juu ya kiti, nikachomeka chetezo cha umeme, nikatia kipande cha udi wako, ule uliopika kwa mkono wako. Kama ulivyonifunza: nguo zifukizwe kabla ya kutoka, na dirisha lifungwe ili moshi usikimbie. Nikafunga dirisha. Haikutupitia akilini, si mimi si yeye. Sote tumekulia ndani ya moshi.

Kengele ya moto ikalia nyumba nzima. Tukajitupia nguo zile zile, wageni wakateremka, mmoja na taulo, mmoja na mswaki mdomoni, tukasimama kando ya mfereji baridi ikitutafuna. Mwenye nyumba, mzee mrefu mwenye soksi bila ya viatu, akapanda mbio, akashuka akinusa. Akauliza kama chumbani kwetu tumefungua kanisa. Salim akamjibu kwa upole kabisa, "Hapana, mke wangu anapika nguo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye akacheka, mabega yanamtikisika. Halafu upepo ukavuma, shela langu likanuka wewe. Kicheko kikageuka kilio, mbele ya mtu wa taulo na mtu wa mswaki.

Salim akanifunika koti lake. Akasema, "Harufu hii ndiyo iliyonipokea mlangoni kwenu siku nilipokuja na wazee kukuposa. Natetemeka, Mama akaninong'oneza, kula kwanza, hawa hawakuli wewe." Kisha akasema alikuwa hawezi kukutaja. Aliniona navyojikaza, akaogopa akisema Mama nitavunjika, naye hatojua kuniokota.

"Mimi nilidhani umemsahau," nikamwambia.

Akaniangalia kama nimemtukana.

Mzee akazima kengele, akatukataza kuwasha tena, kisha akaomba anuse shela. Akasema harufu nzuri, lakini ya nyumba ya mtu mwengine. Tukaenda zetu kutembea, mfereji hadi mfereji, tunakuzungumza wewe. Na huko ndiko nilikojua siri yenu. Kumbe ile mishkaki aliyokuwa akiniletea siku nilizochoka, ni wewe uliyekuwa ukimpigia simu kazini: "Mpitishie mwanangu mishkaki, na usimwambie nimekutuma." Muda wote ule nakula mishkaki ya mama yangu, namshukuru mume. Wallahi nyie wawili.

Tumerudi. Mavyaa nilimletea jibini, kasema inanuka soksi, kampa paka, na paka kaikataa.

Nakuahidi hivi, Mama. Alkhamisi jioni Nasra atabaki kwa bibi yake, na mimi nitatoka na mume wangu, hata ikiwa ni kukaa ndani ya gari tukinywa chai ya karak. Mavyaa nimeshamwambia, kwa heshima, lakini nimemwambia. Na sitojikaza tena mbele ya Salim. Nikikukumbuka nitasema, nikitaka kulia nitalia, na yeye hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi huko uliko, kama ulivyotufanyia sisi hapa. Kwa heri, Mama. Namsikia Salim anaegesha gari nje. Nakwenda kumfungulia mlango.

Mwanao,
Raya