Sura Niliyoisifu

Chandannagar,
Siku ya pili baada ya Saraswati Puja

Mdogo wangu Tublu,

Pokea salamu za dada yako, na ujue nazituma uso ukiwa chini. Kikohozi kimekuachia? Unakula samaki, au bado ni wali na viazi tu kama kapera? Sisi huku wazima.

Kitabu chako kilimfikia mama mkwe wangu kabla yangu. Unamjua, husoma na kioo chake cha kukuzia, haruki hata nukta. Alipofika sura ya saba aliniita jikoni: "Haya we mwana, kumbe ile digrii tuliyoringishiwa siku ya posa ulifeli?"

Nikasema umezua kwa kijicho, tena umechapisha bila kuniuliza. Maneno yakazagaa mtaani. Ndiyo maana maktaba ya klabu ya mtaa ilifuta sherehe ya kitabu chako, na shemeji yako hapokei simu zako. Nawe hukumwonyesha mtu jibu nililokupa kabla hujachapisha.

Jibu lile nalikumbuka vizuri. Ulinitumia mswada kwenye simu, ukaniomba nisome hasa sura ya saba, ukaahidi nikisema uifute utaifuta. Nikakujibu kwamba nimesoma yote, nimelia, chapisha. Tublu, sikusoma. Niliuteremsha kwa kidole mpaka mwisho, nikarudi kwenye video za mapishi.

Siku ya Puja tuliweka vitabu miguuni pa Saraswati, mungu wetu wa kike wa elimu, na siku hiyo hakuna anayesoma. Mama mkwe alikiweka chako juu kabisa. Nilikitazama kutwa nzima nisiweze kukigusa, nikaona haya hata kumwinulia mungu macho. Kesho yake alfajiri nikakichukua.

Umeandika kwamba mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika herufi yako ya kwanza kwenye kibao. Kwamba nilifeli kwa kuwa nilikuwa nakuuguza homa ya matumbo, nikikusomea vitabu mpaka sauti ikakauka. Nililia, safari hii kweli.

Nimewaambia wote ukweli. Mume wangu hajanisemesha bado. Mama mkwe alisema, "Kufeli mtihani si kitu. Kumchongea mdogo wako, hiyo ndiyo aibu."

Klabu wamekubali kufanya sherehe ya kitabu chako Jumapili. Njoo, nakuomba. Nitaisoma sura ya saba mbele ya watu, na mama mkwe atakaa ubavuni pangu na kioo chake, ahakikishe siruki mstari.

Nakuombea afya, nakuomba msamaha, ukiwa nao.

Dada yako,
Mandira