Askari Wangu Wote Wamekaa Kitini

Shangazi wa redioni, naomba unisaidie, na ukicheka zima kipaza sauti kwanza, na jina langu usilitaje, mke wangu asije akanitambua.

Kazi yangu ni kupiga hesabu za jeshi kwenye kompyuta, nawamwagia askari wa kubuni gesi ya sumu halafu naangalia nani anakohoa na nani anaanguka, mimi ambaye jiko la mkaa likifuka natoka nje wa kwanza, na jedwali langu ndilo linalowaambia askari halisi king'ora kikilia wana muda gani wa kuvaa barakoa. Mkubwa wangu alilisifu mbele ya ofisi nzima, akaniita Profesa, nikatembea kifua mbele kama jogoo anayedhani jua linamsubiri yeye. Sasa juzi lifti ikaharibika, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, nikafika nahema kama mvukuto, mfagizi akaniuliza, "Bosi, unafukuzwa?" Hapohapo nikakumbuka kwamba pumzi nilizowapa askari wangu nilizipima kwangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, nakunywa chai! Anayekimbia na mzigo mgongoni anavuta hewa kunishinda mbali, na sumu vilevile, kwa hiyo muda niliowapa ni mrefu mno. Wiki ijayo kikosi kinakwenda kulinda kiwanda cha kemikali, na shemeji yangu yumo, jana kaniambia, "Shem, mimi sina wasiwasi, si hesabu zako?" Nikisema, uprofesa kwisha. Nifanyeje?

Profesa wa Kiti

Haya, Profesa. Pole, ila ndogo tu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya barua za wenye wivu na wakwe wote, kwa sababu shemeji yako ana mapafu mawili tu, na wewe unayalinganisha na cheo ulichopewa kwa mdomo. Kukosea ni sehemu ya kazi. Kunyamaza ndiyo dhambi. Mpigie mkubwa wako sasa hivi, kabla sijaweka wimbo, mwambie jedwali lirudishwe lote. Kisha mwambie shemeji yako, kwa mdomo wako, asiliamini. Hesabu mpya kapime kwa wanaokimbia, chai baadaye.

Mkubwa akikubishia, usibishane. Lifti si bado mbovu? Pandeni ngazi pamoja, mkifika ghorofa ya nne mwombe akuite Profesa, kwa pumzi moja.