Benchi Linalotazama Geti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeingia barazani! Kikao cha kwanza cha kupanga huduma za VVU mtaani kwetu, nami nawakilisha wafanyabiashara. Kinyozi mimi! Nilivaa shati la harusi. Muuguzi mkuu analalamikia foleni: wenye presha, wajawazito, wanaofuata dawa za virusi, wote wamebanana ukumbi mmoja. Nikasimama. Wa virusi wapewe siku yao — Alhamisi, kituo cha afya kizima kiwe chao. Mama mmoja wa nyuma akauliza, na asiyetaka kujulikana je? Nikamjibu palepale: mficha maradhi, kifo humuumbua. Makofi! Ikapita.

Jioni nikamsimulia Dada. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na tangu afiwe na mumewe anakaa kwangu. Siku nyingine angenitania mpaka nikome. Leo aliendelea kuchambua mboga. Akasema tu, hongera, mheshimiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Alhamisi ya kwanza. Duka langu linatazamana na geti la kituo, katikati ni barabara tu. Benchi la wateja limejaa tangu asubuhi — biashara hiyo! Kumbe hakuna hata mmoja wa kunyolewa. Fundi viatu, muuza vocha na wenzao, wote macho getini. Yule si mke wa fulani? Na yule, mbona anaimba kwaya! Nikawaambia hapa si sinema. Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeingiza benchi ndani. Wamegeuza ndoo, wamekaa. Getini wanapita wachache, wamejifunika, mbio mbio. Muuguzi alikuja dukani, hakutaka kiti. Nusu ya watu wake hawajafika kuchukua dawa. Hawajahama, akasema, na hawajafa — bado.

Hiyo "bado" yake nimerudi nayo nyumbani.

Jumamosi, 12 Aprili

Dada kakonda. Ile mikono! Na kikohozi hicho! Zamani kila mwezi alikwenda kituoni kwa ajili ya presha yake. Nikamuuliza, mbona siku hizi huendi? Presha imepoa, mdogo wangu, nayo huchoka. Akacheka peke yake. Nikasema nitampeleka mwenyewe. Akanikata: wewe panga ya mtaa, ya humu ndani niachie mimi.

Sipendi. Naogopa, na sijui naogopa nini.

Muuguzi anataka Jumatatu ya tarehe 21 baraza lipige kura, Alhamisi ifutwe, watu wachanganyike kama zamani. Mwenyekiti kanipigia simu: wazo lilikuwa lako, utalitetea? Nikasema nitaona. Kula matapishi yangu mbele ya watu wote wale!

Alhamisi, 17 Aprili

Jua kali. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, ndoo za nje zimejaa watu. Akapita mwanamke mbele ya duka, kajitanda mtandio mpaka machoni. Anaburuta ndala ya kushoto. Mashine ikanizimikia mkononi. Ule mwendo naujua. Nimeufuata utoto wangu wote nikiwa nimeshika gauni lake.

Presha! Mjinga mimi. Presha!

Fundi viatu akapaza sauti: kinyozi, wewe si unajua watu wote? Huyu nani? Wote wakanigeukia. Naye akasimama ukingoni mwa barabara. Hakugeuka. Akangoja, kama wao. Ningeweza kumshika mkono tukavuka wote. Ningeweza kuwafukuza wale na ndoo zao. Nilidhani namsitiri.

Nikasema, simjui.

Hapo ndipo alipogeuka. Macho tu yalionekana. Akanitazama, kisha akarudi alikotoka. Getini hakufika.

Nimemwacha mteja na kichwa nusu, nimefunga duka. Mlango wa chumba chake umefungwa kwa ndani. Nimegonga. Dada, fungua, ni mimi.

Kikohozi. Halafu sauti yake, ya upole kabisa:

"Mimi nani?"

Nimekaa hapa chini, mgongo mlangoni, naandika. Kituo hakijafungwa bado. Naye anakohoa.